Umande haujai chomboni: kusoma dalili na kutafuta chanzo

Umetandika nailoni jioni ili uvune umande upate maji ya kunywa, umeielekeza kwenye sufuria, umelala. Alfajiri unakuta sufuria kavu, au ina kijiko kimoja cha maji yenye mchanga na mdudu mmoja aliyekutangulia. Kabla ya kuilaumu hewa, kuna jambo moja la kuwekwa sawa, maana karibu kila hitilafu iliyo hapa chini inatokana nalo: usiku kazi yako ni kupoza kitu. Mvuke uko hewani tayari. Hugeuka matone pale unapogusa uso uliopoa vya kutosha, na uso huo hupoa kwa kutoa joto lake kwenda kwenye anga tupu. Kwa hiyo ukikuta nailoni kavu, jiulize kwanza ni nini kilichokuwa kikiipasha joto usiku kucha.

Hili si jipya. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells alichapisha jijini London insha yake kuhusu umande, baada ya kuacha vishungi vya sufu nje usiku na kuvipima uzito asubuhi. Wakati huo wengi waliamini kwamba umande hudondoka kutoka juu kama mvua nyepesi sana. Wells alionyesha kwamba kitu hupoa kwanza, ndipo umande unapokifuata.

Anza na vitu vilivyo jirani

Usiguse mtambo wako kwanza. Tembea hatua chache, ukague vitu vilivyolala wazi usiku: majani ya ardhini, ubao, chupa tupu, paa la hema au la gari. Pitisha mgongo wa mkono juu yake. Utapata moja ya majibu matatu.

Kama kila kitu ni kikavu, usiku wenyewe ulikataa. Kama vitu vya jirani vimeloa na nailoni yako kavu, basi nailoni ilikuwa na joto, na tatizo liko kwenye mahali au namna ulivyoitandika. Kama nailoni nayo imeloa lakini chombo ni kitupu, umande uliupata, ila umekwama njiani.

Tahadhari moja kuhusu majani. Inama uyatazame kwa karibu. Ukiona tone moja moja kubwa limekaa kwenye ncha ya kila jani, huku sehemu nyingine ya jani ikiwa kavu, hayo ni maji ambayo mmea wenyewe umeyasukuma nje kutoka mizizini. Yanaweza kutokea hata usiku ambao hapakuwa na umande wowote. Umande halisi hutanda jani zima kama utando wa matone madogo, na hutanda pia juu ya vitu visivyo na uhai. Ndiyo sababu chupa au ubao ni shahidi mzuri kuliko majani.

Dalili: kila kitu ni kikavu

Sababu ni tatu tu: mawingu, upepo, au hewa kavu.

Mawingu hurudisha chini sehemu kubwa ya joto ambalo ardhi inalitoa. Chini ya wingu zito na la chini, nailoni haitapoa vya kutosha hata ukiitandika kwa ustadi wa namna gani. Usiku wa umande ni ule ambao nyota zinaonekana kali kuanzia juu ya kichwa hadi karibu na upeo wa macho.

Upepo hufanya kazi kwa njia nyingine. Kila nailoni inapojaribu kushuka chini ya joto la hewa, upepo huleta hewa yenye joto na kuirudisha ilipokuwa. Hata hivyo, utulivu kamili nao si mzuri sana, kwa sababu hewa iliyogusa nailoni imeshatoa mvuke wake na inahitaji nyingine ije ichukue nafasi. Kinachofaa ni kahewa kanakopinda moshi bila kuchezesha majani ya mti. Ukisikia majani yakivuma tangu magharibi na hayanyamazi, lala tu.

Kuhusu hewa kavu, tarakimu chache zinatosha kukupa picha. Hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa 80% huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 16 hivi. Tofauti ni takriban nyuzi 4, na nailoni nzuri iliyotandikwa vizuri chini ya anga safi inaweza kuifikia. Hewa hiyo hiyo ya nyuzi 20 ikiwa na unyevu wa 50%, inabidi ipoe hadi nyuzi 9. Hapo unaomba nailoni ishuke nyuzi 11 chini ya hewa inayoizunguka, nayo haitaweza. Kinachookoa sehemu kame ni kwamba hewa yenyewe hupoa sana usiku, na kadiri inavyopoa ndivyo unyevu wake unavyopanda kwa asilimia. Ndiyo maana hata jangwani kuna asubuhi zenye umande, na ndiyo maana unyevu wa saa nane mchana haukuambii mengi kuhusu saa kumi alfajiri.

Ukigundua kwamba usiku ulikataa, usibadilishe chochote kwenye mtambo. Nimeona watu wakibomoa mpango uliokuwa sahihi kabisa kwa sababu ya usiku mmoja wa mawingu, wakajenga mwingine mbovu, kisha usiku uliofuata ukawa safi wakaukosa. Jaribu tena mpango uleule.

Na ikiwa asubuhi hukuona umande ila ukungu mzito unaotembea, huo ni mchezo mwingine. Ukungu ni matone yaliyokwisha kuundwa na yanaelea. Yanakamatwa kwa wavu au kitambaa chenye matundu kilichosimamishwa wima, kikiukabili upepo. Nailoni iliyolazwa karibu na ardhi haitapata mengi.

Dalili: jirani kumeloa, nailoni kavu

Hapa ndipo penye makosa mengi, na karibu yote yanarekebishika kabla ya usiku unaofuata.

*Ardhi inaipasha joto.* Udongo na mwamba vimekunywa jua mchana kutwa na hulitoa polepole hadi alfajiri. Nailoni iliyogusa udongo haiwezi kuwa baridi kuliko udongo wenyewe kwa kiasi cha maana. Jani la nyasi limefanikiwa kwa sababu limesimama juu, limeachana na ardhi, na ni jembamba. Jaribio ni rahisi: usiku, kabla hujalala, penyeza mkono chini ya nailoni. Ukihisi ujotojoto, umepata mhalifu.

Dawa yake ni tandiko kavu lenye unene wa shubiri moja hivi: nyasi kavu, majani makavu, matawi membamba, maboksi yaliyokunjuliwa, godoro la kambini, hata nguo za akiba. Kinachokinga joto ni hewa iliyonaswa katikati ya tandiko, kwa hiyo usilikanyage likalala bapa. Tena liwe kavu kwelikweli, kwani nyasi mbichi hupitisha joto na hutoa mvuke wake zenyewe. Wengine hupenda kuitundika nailoni kwa kamba kati ya miti, hewani pande zote. Inafanya kazi usiku uliotulia, lakini hewa inayopita chini yake huipasha joto kutoka upande ambao hauoni anga, na upepo kidogo tu unaipepesua na kumwaga matone. Mimi ningechagua tandiko kila mara ambapo nyasi kavu zinapatikana.

*Kitu kimeziba anga.* Nailoni inapoa kwa kulitazama anga. Mti, ukuta, jabali, hema, hata gari lililoegeshwa karibu, vyote vina joto zaidi kuliko anga na vinalirudisha kwenye nailoni. Wells alilionyesha hili kwa kishungi cha sufu alichokikinga kwa karatasi ngumu iliyokunjwa kama paa: kilipata umande mdogo kuliko chenzake kilichokuwa wazi, ingawa hewa iliyovizunguka ilikuwa ileile. Chuchumaa mahali nailoni itakapokaa, utazame juu. Kilicho juu ya kichwa ndicho kinachoumiza zaidi. Vilima vya mbali vilivyo chini karibu na upeo wa macho havina neno.

Kosa hili hutokea kwa nia njema. Mtu anatafuta mahali palipojificha upepo, anaishia chini ya mti wenye kivuli kizuri. Kinga ya upepo inayofaa ni fupi na iko kando: kichaka kilicho upande upepo unakotoka, umbali wa mara kadhaa ya urefu wake.

*Umetumia kitu kinachong'aa.* Hili linawashangaza wengi, maana chuma huhisi baridi kikiguswa. Lakini uwezo wa kutoa joto kwa mionzi ni habari nyingine. Alumini inayong'aa hutoa chini ya 10% ya joto ambalo uso mkamilifu ungetoa. Kioo, ubao, rangi ya kupaka na maji hutoa karibu 90% au zaidi. Karatasi ya kufungia chakula, blanketi la dharura la rangi ya fedha na bati jipya ni vitu vibaya kwa kazi hii, hata kama picha nyingi huvionyesha kwa sababu vinapendeza machoni. Bati lililopakwa rangi ni afadhali mara nyingi. Blanketi la dharura likiwa ndilo pekee ulilo nalo, lifunike kwa nailoni nyepesi juu yake au ulitumie kukinga joto la ardhi chini ya tandiko.

Nailoni nyembamba inayopitisha nuru hufanya kazi, ila huchelewa kuanza, kwa sababu inaruhusu mionzi ya joto ipite badala ya kuitoa yenyewe. Matone yakishatanda juu yake mambo hubadilika, kwa kuwa maji ni mtoaji mzuri wa joto. Turubai jeupe au la buluu lenye uso laini ni bora zaidi. Rangi yenyewe usiku haina uzito wowote: nyeusi na nyeupe hupoa karibu sawa. Tofauti huja jua linapochomoza, nyeusi ikaanza kukausha mavuno yako mapema.

*Kitu ni kizito mno.* Jiwe kubwa, kipande cha reli, sufuria nene ya chuma: vyote vinahifadhi joto la mchana na havimalizi kulitoa kabla ya asubuhi. Makosa haya yamefanywa kwa gharama kubwa sana. Katika mji wa Trans-en-Provence, Ufaransa, mhandisi Achille Knapen alijenga mwanzoni mwa miaka ya 1930 mnara wa mawe wa kiasi cha mita 14 wenye kuta nene, akitegemea ubaridi wa ndani uvune mvuke wa hewa. Ulitoa lita chache tu kwa usiku mzuri. Kabla yake, Friedrich Zibold alijenga mwaka 1912 karibu na Feodosia, Krimea, rundo kubwa la kokoto za pwani lililoripotiwa kutoa hadi lita 360 kwa siku, mpaka nyufa za msingi zikalikomesha. Ukilinganisha wingi wa kokoto zile na turubai moja jepesi, utaona kwa nini watafiti wa leo hutumia karatasi nyembamba ya plastiki iliyowekewa povu gumu la kukinga joto chini. Chagua chepesi. Faida nyingine ni kwamba chepesi hupoa ndani ya dakika chache baada ya jua kuzama, kwa hiyo hakuna haja ya kukitandika saa kumi jioni kikusanye vumbi.

*Moto na watu.* Moto wa kambi ulio hatua nne kutoka kwenye nailoni hupasha upande mmoja wake na kuujaza moshi na majivu. Hata mtu aliyelala kando ya nailoni anaipasha joto. Weka mtambo mbali na mahali pa kulala.

Dalili: juu kukavu, chini kumeloa

Ukiinua nailoni ukakuta matone upande wa chini, hayo hayakutoka hewani. Ni unyevu wa udongo uliopanda, ukagonga nailoni ikiwa baridi kuliko ardhi, ukashikana pale. Maana yake ni mbili: nailoni ilipoa kiasi fulani, lakini joto la ardhi lilikuwa linaifikia pamoja na mvuke huo, na kila tone lililoundwa chini liliiongezea joto. Ongeza tandiko, na kama udongo ni mbichi, weka kipande kingine cha plastiki kati ya udongo na tandiko ili kuuzuia mvuke.

Maji hayo ya chini usiyategemee kunywa bila kuyachemsha. Yamegusa udongo, mizizi iliyooza na kila kilichotambaa humo.

Dalili: nailoni imeloa, chombo kitupu

Hesabu kwanza, ili ujue unapambana na nini. Lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni utando wa milimita moja. Mavuno mazuri ya lita 0.2 kwa mita ya mraba ni utando wa milimita 0.2 tu, tena uliokatikakatika kuwa matone. Matone madogo kiasi hicho hayateremki yenyewe. Yanang'ang'ania mpaka yakutane, yaungane, yawe mazito.

Mwinamo ndio wa kwanza kukaguliwa. Nailoni iliyolala bapa hutengeneza vidimbwi kwenye mikunjo, na vidimbwi hivyo hukauka jua likitoka. Nailoni iliyosimama sana huteremsha maji vizuri lakini imelipa anga kisogo. Mwinamo unaotumiwa sana na wanaofanya utafiti ni wa nyuzi 30. Kuupata bila kipimo: kwa kila mita moja ya nailoni kutoka juu kwenda chini, inua ukingo wa juu nusu mita. Kisha ivute isiwe na makunyanzi, maana kunyanzi moja lililokaa mlalo ni bwawa.

Uchafu ni wa pili. Vumbi na mafuta ya mikono hulishikilia tone. Futa nailoni kwa kitambaa safi chenye maji jioni kama una maji ya kupoteza, na kama huna, ipanguse kwa kitambaa kikavu. Usiache sabuni juu yake. Nailoni mpya kutoka kwenye bunda mara nyingi ina unga au utelezi wa kiwandani, na huo pia upanguse.

Ukingo wa chini ni wa tatu, na hapa maji mengi hupotea bila mtu kujua. Tone linapofika mwisho wa nailoni halidondoki moja kwa moja. Hugeuka na kutambaa upande wa chini wa nailoni hadi kwenye tandiko. Nyasi zako kavu zinakunywa, wewe unaangalia chombo. Tazama kwa tochi saa kumi na moja alfajiri utaliona likifanya hivyo. Kunja ukingo wa chini uwe mfereji unaoshuka upande mmoja, na kwenye kona ya mwisho funga uzi mfupi au kijiti kinachoning'inia hadi ndani ya chombo. Tone hufuata uzi. Chombo kiwe na mdomo mwembamba, au ukifunike kuacha upenyo wa uzi tu, la sivyo wadudu watakuwa wa kwanza.

Halafu matundu. Inua nailoni dhidi ya mwanga wa mchana na utafute vitobo. Kimoja kama cha sindano katikati ya mfereji kinatosha kukumalizia mavuno.

Hata baada ya hayo yote, sehemu kubwa ya maji itabaki imeshikana na nailoni. Hapo lazima uyafuate. Panguza kutoka juu kwenda chini kwa ukingo ulionyooka wa plastiki laini, au kwa kiganja kilichooshwa, ukiyasukuma kwenye mfereji. Watu wengi wanaodai mtambo wao haufanyi kazi hawajawahi kuupanguza. Wamengoja utiririke wenyewe.

Saa ya kupanguza ni kabla ya jua kuigusa nailoni. Joto la chini kabisa la usiku huwa karibu na macheo, kwa hiyo ukipanguza saa tisa usiku unaacha saa nzuri zaidi. Lakini upepo ukianza kuamka saa kumi na moja, usingoje. Nusu saa ya upepo mkavu inarudisha hewani kilichokusanywa usiku kucha.

Dalili: kitambaa kimeloa, kukamua hakutoi kitu

Njia ya zamani na ya haraka kuliko zote ni kuburuta kitambaa kwenye nyasi zenye umande au kukifunga kwenye vifundo vya miguu na kutembea humo, kisha kukikamua. Inaposhindwa, mara nyingi kosa ni la kitambaa. Taulo nene hunywa maji mengi kabla ya kuanza kuyaachia, kwa hiyo kwenye umande hafifu halijawahi kujaa. Kitambaa cha nailoni au cha mwavuli hakinywi kabisa, kinasukuma tu matone yakaanguka chini. Kinachofaa ni pamba nyembamba iliyofuliwa mara nyingi, au sifongo. Mizunguko ya kwanza hupotea kwenye nyuzi za kitambaa. Kwa hiyo tumia kipande kidogo na ukamue mara kwa mara, badala ya shuka zima unalolikamua mara moja.

Tembea taratibu kando ya njia uliyokwisha kupita. Nyasi iliyoguswa imeshamwaga. Na kama miguu yako ina vumbi, funga plastiki chini ya kitambaa.

Dalili: usiku wa kwanza maji, wa pili hakuna

Karibu kila mara ni hali ya hewa. Ikiwa shahidi wako, ile chupa au ubao, ameloa kama jana, basi kagua vumbi jipya juu ya nailoni, tandiko lililolowa jana na halikukauka, na kamba iliyolegea. Tandiko lianikwe mchana.

Dalili: utando mweupe wa barafu

Uso umeshuka chini ya nyuzi 0. Hujapoteza kitu. Usiukwangue kwa nguvu, utaitoboa nailoni. Subiri mwanga wa kwanza uuyeyushe na uwe tayari kupanguza papo hapo, maana kati ya kuyeyuka na kukauka muda ni mfupi.

Dalili: maji yana ladha, rangi au harufu

Maji ya umande yanapoundwa ni safi sana, karibu kama yaliyovukizwa, lakini hayadumu hivyo hata dakika moja. Hubeba kila kilichokuwa juu ya uso: vumbi, vinyesi vya ndege, chavua, moshi, vijidudu. Rangi ya kahawia au udongo chini ya chombo ni vumbi. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Ladha ya plastiki hutoka kwenye nailoni iliyopigwa jua mchana kutwa au chombo kilichowahi kubeba kitu kingine. Chombo kilichobeba mafuta ya gari, dawa ya wadudu au rangi hakisafishiki kwa matumizi haya, hata ukikisugua vipi.

Kuchemsha kunaua vimelea: yaache maji yatokote kwa nguvu dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Bila moto, klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya 5% hadi 6%, hutiwa matone 2 kwa lita moja ya maji maangavu, na kusubiriwa dakika 30. Bila hiyo, chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, iliyojazwa maji yaliyochujwa, ilazwe kwenye jua kali saa 6, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu.

Hakuna mojawapo ya njia hizo inayoondoa kemikali. Hapo ndipo nina msimamo mkali kuliko mahali pengine: usikusanye umande kwenye mashamba yanayopuliziwa dawa, kando ya barabara kubwa, kwenye paa lenye rangi ya zamani inayobanduka, wala karibu na mahali panapochomwa takataka. Kwenye nyasi, epuka mimea yenye utomvu mweupe, yenye vinyweleo vinavyowasha, na yoyote usiyoijua. Nyasi za mabondeni wanakolisha ng'ombe au kondoo zinaweza kubeba mabuu ya minyoo ya ini yaliyojifungia ndani ya vifuko vidogo, na maji yake ni ya kuchemsha, hakuna mjadala.

Dalili: kila kitu kinafanya kazi, maji hayatoshi

Hili si hitilafu. Ni ukomo. Uso ulio chini ya anga safi hupoteza joto kiasi cha wati 60 hadi 100 kwa mita ya mraba. Chukua 70, kwa saa 10 za usiku: joto hilo lote likitumika kugeuza mvuke kuwa maji, linatosha lita moja hivi. Lakini sehemu yake huliwa na hewa inayoipasha nailoni tena, kwa hiyo kiwango cha juu kwa usiku bora ni takriban lita 0.8 kwa mita ya mraba, na mavuno ya kawaida ya kitu kizuri ni lita 0.2 hadi 0.5. Vifaa vya kubuni porini vikikupa glasi moja kwa mita ya mraba, shukuru. Mtu mzima anahitaji lita 2.5 hadi 3 kwa siku za kunywa na chakula, zaidi kukiwa na joto au kazi. Turubai la mita 2 kwa 2 haliwezi kumbeba mtu peke yake. Linampunguzia pengo.

Kuongeza ubora kukishafika mwisho, kilichobaki ni kuongeza eneo. Tandika kila ulicho nacho chenye uso laini: makoti ya mvua, mifuko iliyopasuliwa, kifuniko cha hema. Mchana, funga mfuko angavu kwenye tawi lenye majani mabichi ya mti unaojua hauna sumu, uache jua likamue mvuke wake. Huo hufanya kazi saa ambazo umande haupo. Na asubuhi panga mwendo wako kufuata jua: panguza nailoni kwanza, kwa kuwa iko wazi na itapigwa mapema, halafu chukua kitambaa uende kwenye nyasi zilizo wazi, umalizie na zile zilizo upande wa magharibi wa kilima au kichaka, ambako kivuli huzilinda kwa muda mrefu zaidi.